Kibuyu cha Mama Mdogo

Mama mdogo alikuwa amezika waume wawili, na kwetu Sagalla hiyo ilitosha. Wa kwanza aliumwa na nyoka katika mashamba ya mkonge. Wa pili, baba yangu mdogo, aliondoka na homa. Nyoka hakulaumiwa na mtu. Lawama zote zilienda kwa macho ya mama mdogo, ambayo kusema kweli yalikuwa mazuri, na kwa tabia yake ya kumtazama mwanamume usoni.

Shemeji zake walimwambia wazi: shamba lisipolimwa kabla ya vuli, wanalichukua. Basi akaita watu wa ujima, akapika pombe ya miwa. Kwetu mwenye kazi huonja kwanza, kisha kibuyu huzunguka. Aliyekunywa ndiye anayeshika jembe.

Nami nilienda, jambo la ajabu, maana tangu nimalize sekondari nilikuwa nimekalia kigoda cha mama nikisoma magazeti ya zamani. Habari za jua la shambani nilizipata kwa wengine.

Mama mdogo akaonja, akafuta mdomo. Kibuyu kikapita mkono kwa mkono bila kupungua.

“Mgongo unanisumbua tangu jana,” jirani mmoja akasema.

“Tangu jana, au tangu uone kibuyu?” mama mdogo akamuuliza.

Wakacheka. Hawakunywa.

Kikanifikia. “Haya, mwanangu msomi,” akaniambia, “hebu waambie hawa kama pombe inaua.”

“Inategemea mpishi, mama.”

Wanaume walicheka mpaka wakashikana mabega. Sikuwa nimewahi kuchekesha watu wengi namna ile. Nikakiinua kibuyu, nikabana midomo, nikajifanya nameza. Yeye alikuwa akilitazama koo langu.

Walitawanyika na majembe yao makavu. Alilima peke yake siku nne, nami nikimwona kutoka mlangoni, gazeti mkononi. Mvua ilimkuta hajafika nusu. Shemeji zake hawakungoja ikatike.

Siku aliyohama nilimbebea sanduku lake la bati mpaka stesheni ya Voi, apande treni ya Taveta.

“Leo umefika mbali, mtu wa nyumbani,” akasema.

Nilitafuta neno la kuomba radhi; nikapata mzaha tu, nikaumeza. Koo lilikuwa limenikauka kwa ule mteremko wa kutoka kwetu mlimani. Alitoa chupa ya maji kapuni, akanywa taratibu, akaifunga, akairudisha. Hakunikaribisha.