Chura wa Kinyozi

Kinyozi husugua viganja mpaka vipate joto ndipo akushike kichwa, na kila kichwa hukipa kisa cha mnyama wake: leo pweza wa mioyo mitatu, kesho mwingine. Harudii. Ukimwomba, hucheka: "Huyo keshaenda na kichwa cha jana."

Mzee jirani, mjane, alinyolewa juzi tu, leo karudi.

"Babu, ninyoe nini, ngozi?"

"Nyoa utakacho. Niambie tena yule chura wa nchi za baridi."

Mkono wa mkewe, alipoushika mara ya mwisho, ulikuwa wa baridi. Kinyozi akazima mashine, akamwekea viganja shingoni.

"Anaganda kama jiwe, babu. Moyo unasimama. Kisha joto likirudi…"

"Hapo," mzee akasema, macho kayafumba. "Hapo nenda polepole."