Kanda ya Fundi Redio

Kila asubuhi, fundi redio wa sokoni Majengo hurudisha kanda yake nyuma kwa kalamu, taratibu, kwa vidole vilivyobabuka kwa kulehemu. Ni nyimbo bora za bendi moja ya roki, alizozinasa zamani sebuleni kwake kwa kuweka rekoda mbele ya redio. Anitha, muuza vitenge jirani yake, alichoshwa na mikwaruzo, akamletea nyimbo hizohizo zote kwenye flashi.

"Shikamoo, fundi. Hizi hazina kelele."

"Marahaba, mwanangu."

Fundi akausikiliza wimbo wa mwisho hadi gitaa likanyamaza. Akaichomoa flashi, akamrudishia kwa mikono miwili, akaweka kanda. Katikati ya gitaa lilelile, mwanamke akaita: "Baba Lulu, chakula kinapoa!" Anitha aliijua sauti hiyo, mwenye sauti walimzika kule kijijini Zuzu.

"Nakuja," fundi akaijibu.