Mtoto Aliyesahauliwa na Homa

Tabitha binti Gidioni hakuwa mtu wa kukaa. Mama yake, Elizabeth, alikuwa akisema mtoto huyu alizaliwa njiani, ndiyo maana njia haimwachi. Wala hayakuwa maneno ya bure, kwani alizaliwa kweli kwenye kijia cha kutoka sokoni, mkungu wa ndizi umetupwa kando. Alipofika miaka ishirini na miwili alikuwa muuguzi msaidizi katika zahanati ya misheni huko mlimani, kazi ya heshima, yenye gauni jeupe na viatu. Na bado, kila alipomaliza kufunga vidonda vya watu, alisimama mlangoni akiangalia nyika iliyolala kule chini kana kwamba kuna mtu amemwita.

Zilikuwa siku za Mwingereza, kahawa imeanza kuwaezekea watu mabati. Jumapili moja Sista, yule muuguzi wa Kizungu aliyeongoza zahanati, alisimama kanisani akaeleza kwamba homa ya masika imeacha mayatima huko Kahe, chini nyikani. Misheni imewajengea nyumba, lakini muuguzi hakuna. Nani atajitolea? Watu wakainamia vitabu vya nyimbo. Watu wa mlimani walishuka nyika asubuhi kulima mahindi yao, na jua likianza kuinama walipanda mbio, kwa sababu kulala kule ilikuwa ni kujitafutia kaburi. Kumwombea mtu wa Kahe walikuwa tayari hata kutwa nzima. Kwenda kulala kwake, hapana. Tabitha akanyoosha mkono.

"Mwanangu, kule ni ng'ambo," mama yake alimwambia walipofika nyumbani.

"Mama, Kahe naiona nikisimama hapa mgombani."

"Hata mwezi unauona."

Basi akashuka. Alikuta watoto saba katika nyumba ya nyasi kando ya mfereji, na mbu wasio na hesabu. Aliwaosha, akawatibu vidonda, akawanywesha kwinini huku wakimpiga mateke. Aliyemshika moyo alikuwa Adija, msichana wa mwaka mmoja na nusu, ambaye baba na mama yake walikufa kwa homa ndani ya mwezi mmoja. Aliletwa na bibi yake, Mwamvita, mzee mfupi mwenye goti bovu na ulimi mzima.

"Nimekuletea umlee, maana nguvu sina," alisema Bibi Mwamvita. "Lakini sikukupa. Tuelewane hapo."

Masika yaliyofuata Tabitha alizika watoto wawili. Alikuwa ameona vifo zahanatini, lakini hawa aliwakata kucha yeye mwenyewe. Siku Adija alipoanza kutetemeka, Tabitha alishindwa kuvumilia. Alikwenda kwa Bibi Mwamvita akamwomba ampandishe mtoto mlimani, apate hewa ya baridi na maziwa. Mzee alilikanda goti lake bovu.

"Mwezi mmoja," akasema.

Mwezi ukawa miwili, miwili ikawa sita. Kule juu Adija alinawiri. Alikula kiburu, yaani ndizi na maharage vilivyopondwa pamoja, akalala ndani ya nyumba upande wa ng'ombe palipo na joto. Elizabeth alimbeba mgongoni hadi kanisani ili kila mtu aone mashavu yale. Homa haikumgusa tena. Tabitha mwenyewe alikaa siku tano Kahe na mbili mlimani, na hakutulia kokote. Akiwa chini, roho ilikuwa kwa Adija. Akiwa juu, alisikia wale wengine wakilia, akaamka kabla ya jogoo kutafuta viatu vyake.

Kila aliposhuka, Bibi Mwamvita alimuuliza mtoto anarudi lini, na kila mara alikuwa na la kujibu: mara mafua, mara meno, mara njia imeharibika. Njia ya mwongo ni fupi, naye alijua. Ukweli ni kwamba alitaka mtoto awe wake. Aliona aibu mbele ya Mungu kwa jambo hilo, na bado hakumrudisha.

Ulipotimia mwaka na nusu, mzee akapanda mwenyewe. Alitembea siku mbili kupitia Himo, akaingia uani amejifunga kanga mbili tu, meno yakigongana.

"Shikamoo, Bibi," Tabitha alisema, uso ukimwaka.

"Marahaba. Nimemfuata wangu."

Adija alijificha nyuma ya Elizabeth, akauliza kwa Kichagga huyu ni nani. Bibi Mwamvita akaketi palepale chini.

"Umemfanya mgeni," alisema. "Watoto wetu homa inawazoea kidogo kidogo, na anayepona amepona. Huyu imeshamsahau. Akirudi itampokea kama inavyowapokea ninyi wa huku."

Tabitha aliona ni hasira za mzee. Kwenye mafunzo yake hakufundishwa kwamba homa ina kumbukumbu. Alimbeba Adija mgongoni, wakashuka wote watatu.

Wiki ya tatu homa ikamwangusha mtoto. Haikuwa ile ya kutetemeka asubuhi na kucheza jioni. Macho yalimgeuka, akawa haitiki jina lake. Sista alikuja na motokaa, akamchunguza, akakiri kwamba mzee amesema kweli: mwili uliokaa mbali na homa hii hurudi hauna kinga. Elizabeth alikuwa amempa Sista jani la isale amletee Tabitha, lile ambalo kwa Wachagga ukiletewa na aliyekukosea huna ruhusa ya kumkatalia msamaha. Tabitha akapiga magoti, akamkabidhi Bibi Mwamvita jani lile kwa mikono miwili.

"Jani lenu nalijua," mzee alisema, akalipokea. "Nimekusamehe. Lakini homa haipokei majani. Lete dawa."

Walimkesha siku tatu, mmoja akishika kichwa, mwingine kijiko cha kwinini. Siku ya nne joto likashuka. Sista akawasha gari. Bibi Mwamvita akamfunga Adija katika kanga yake moja, akamweka mikononi mwa Tabitha.

"Mchukue moja kwa moja. Nimezika mwana na mkwe, huyu sitaki kumzika. Ila ukipanda naye usimrudishe tena, hata kunizika asije."

"Twende wote, Bibi."

"Nani atakaa na makaburi yangu?"

Kile alichokitamani mwaka na nusu kilikuwa sasa mikononi mwake, na Tabitha alitamani ardhi ipasuke chini ya miguu yake. Alilia njia nzima hadi Himo.

Adija alikulia mlimani, akasoma shule ya misheni. Tabitha hakuiacha nyumba ya watoto. Kwa miaka kumi na minne alishuka kila Jumatatu na kupanda kila Ijumaa, na waliojaribu kumposa walichoka kumsubiri barabarani. Goti la Bibi Mwamvita halikupona safari ile, hakupanda tena. Kwa hiyo kila Jumatatu, kabla hajafungua sanduku la dawa, Tabitha alipita kwake.

"Amefika wapi sasa?" mzee aliuliza.

Tabitha alisimamisha kiganja hewani kuonyesha kimo cha Adija, kwanza usawa wa kiuno, baadaye kifua, baadaye bega. Bibi Mwamvita alijikongoja akasogea, akanyoosha mkono wake hadi juu ya vidole vile, kisha akaushusha polepole kando ya kiganja hicho, akipapasa mahali ambapo pangekuwa na shavu.

"Amekua," alisema, akarudi kuketi.