Mama Mkwe na Vitabu vya Roma

Muhula ule nilikuwa nikisoma historia jioni katika chuo kimoja karibu na mji wa Euless, huku ughaibuni tunakoishi. Mama mkwe alikuwa amekuja kutoka Nakuru kututembelea, na siku niliyotakiwa kusimama mbele ya darasa, mke wangu alikuwa zamu hospitalini. Nikaenda na mama mkwe.

Nilieleza jinsi mfalme wa Roma alivyowaamuru wanasheria wake wasome vitabu vya kale, wachague yaliyofaa na kuyaunganisha kuwa kitabu kimoja. Profesa alipouliza kama kuna swali, mama mkwe akainua mkono. Nikalazimika kumtafsiria.

“Wakishachagua, vile vingine waliviweka wapi?”

Profesa alisema vingi vilipotea, kwa sababu hakuna aliyejisumbua tena kuvinakili. Hata hicho kipya, kule Ulaya magharibi, kilinusurika katika nakala moja ya zamani iliyohifadhiwa Italia.

“Moja?” mama mkwe aliniuliza mimi, kama vile nami nilihusika. “Mfalme mzima, hana karani wa kumwambia aweke nyingine?”

Profesa alimjibu kwa heshima kwamba nakala zilikuwa nyingi, ila karne ni ndefu. Mama mkwe hakuridhika. Garini akampigia baba mkwe simu.

“Watu wa Roma wamepoteza vitabu,” alimwambia.

Mzee akauliza: “Lini?”

Mama mkwe akanisogezea simu. Nilimweleza mzee mpaka tukafika nyumbani, naye akanipa pole kana kwamba vitabu vile vilikuwa vyangu.