Shimo la Ndizi Chumbani

Nyumba ya Kasulu tuliijenga mimi na marehemu mume wangu, kwa matofali tuliyochoma wenyewe. Mwaka 2013 niliipangisha, nikaenda Murungu kulima. Nguvu zikiisha nilikuwa nirudi mle, niwe karibu na hospitali. Nyumba nyingine ya uzeeni sina.

Mpangaji alikuwa mama wa makamo, mpole, anapika pombe ya ndizi. Kwetu ndizi za pombe huzikwa shimoni, zikafunikwa majani, zikapigwa moshi mpaka ziive. Nikamwambia siku ya kwanza, “Uani kwangu usichimbe shimo.”

“Sawa, bibi.”

Masika, jirani mwenye duka akanipigia simu. “Bibi, ukuta wako wa upande wa njia umepasuka. Mkono unapita.”

Nikapanda gari asubuhi. Uani nilikuta pamefagiliwa, hata jani hakuna. Nikafungua chumba cha kulala. Sakafu ya saruji imevunjwa, na chini ya ukuta kuna shimo la kunifika kiunoni, limejaa majani ya mgomba. Dari nyeusi kama chungu.

“Mama, hiki nini?”

“Ndizi, bibi.”

“Naona ni ndizi! Chumbani?”

“Si ulikataza uani?”

Nilidhani ananidhihaki. Nikamtazama usoni. Hapana, alisema kama mtu aliyetii na anangoja kusifiwa. Nikatuma mtu amwite fundi.

Fundi akaja, akachungulia, akatoka upesi. “Msingi uko hewani. Ukuta huu tuuangushe leo, la sivyo utavuta na paa.”

Mpangaji akauliza, “Nitoe ndizi kwanza? Imebaki siku moja tu.”

Mwenye duka, aliyekuja kutazama, akaangua kicheko. “Bibi, subiri basi ziive!”

“Nyamaza wewe!” nikamkaripia. “Na wewe mama, toa ndizi zako, lifukie shimo, uhame.”

Alifukia mwenyewe, jasho linamtoka, bila kubisha. Fundi akalitegemeza paa kwa miti mitatu. Yeye na vijana wake wakausukuma ukuta kwa nje, matofali ya mume wangu yakalala njiani.

Paa likabaki. Sikuthubutu kumwachia mtu mwingine nyumba. Nikatundika shuka mbili pale palipokuwa na ukuta, nikatandika humo humo. Upepo ukizifunua, wapita njia wananikuta nimekaa kitandani.

“Shikamoo, bibi.”

“Marahaba. Pita huko, usikanyage matofali yangu.”