Kitambaa Cheupe cha Baba

Juzi nilirudi uwanja wa ndege wa Mwanza kikazi, na kabla hata sijashusha sanduku la spana, wadudu wa ziwani wakanijaa puani. Unawajua wale, wanaopanda kutoka majini kama moshi na kwenda kufia kwenye madirisha yote ya Pasiansi. Ndugu yangu, nilicheka peke yangu. Wadudu hao hao ndio waliosingiziwa hadi baba yangu akapoteza kazi.

Tulikaa Pasiansi, karibu na uwanja kiasi kwamba mama alijua saa ya kusonga ugali kwa mlio wa injini. Mtaa mzima ulinuka dagaa walioanikwa. Baba peke yake alinuka oili. Alikuwa fundi wa ndege ndogo ya tajiri mmoja wa mjini. Kila alipobadilisha oili, alilipasua chujio lake, akaikunjua karatasi ya ndani na kuisuuza kwa petroli juu ya kitambaa cheupe. Kitambaa hicho mama alikikata kwenye shuka la harusi yao, na ole wako ukikifutia mkono. "Kitambaa kikiwa safi, injini haina siri," baba alipenda kusema.

Nikiwa darasa la tano, ndege ilianza kukosa nguvu inapopaa. Baba akaja na kitambaa nyumbani, akakitandaza juani. Kilimeta vipande vya chuma vyembamba kama magamba. Akapitisha sumaku, vyote vikanasa. "Inajitafuna yenyewe," alimwambia mama. Dawa yake ilikuwa moja: injini ing'olewe, ifungwe nyingine. Tajiri hakutaka kusikia. Alisema ni wadudu wa ziwani tu wameziba chujio la hewa. Akamwita rubani, akaamuru ndege iruke. Ilizimika angani, ikatua kwa tumbo kwenye majaruba ya mpunga huko Magu. Hakufa mtu. Lakini tajiri aliutangazia uwanja mzima kwamba fundi ndiye hakusafisha wadudu.

Baba akafukuzwa. Watoto walimwita Fundi Wadudu, na hata jirani aliyezoea kuomba chumvi kwetu alicheka pamoja nao. Alimalizia maisha yake kwenye mashine ya kusaga unga, na ndege ikipita alikuwa anainamisha kichwa. Sikufichi, kazi hii niliisomea kwa chuki. Wanasema subira huvuta heri. Yangu ilikuja kuvuta injini.

Maana aliyeniita juzi ni tajiri yule yule. Amezeeka, ndege ni nyingine, ugonjwa ni ule ule. Hakunitambua.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti yangu. Hawa ni wadudu tu hawa. Safisha chujio la hewa, uniwekee saini, niondoke zangu."

Nilifungua chujio la oili, nikalipasua mbele yake, nikalisuuza juu ya kitambaa cha baba nilichokirithi. Magamba yale yale. Ndipo nikamwambia mimi ni mtoto wa nani, na kwamba ndege hii hairuki. Alikaa chini palepale, juu ya tairi. Injini yake tuliing'oa na mafundi wa uwanja kwa winchi ya mnyororo, polepole, na mimi nikala chapati zangu mbili nikiitazama inavyoning'inia. Chapati sijawahi kuzifurahia vile.

Injini mpya ilipofungwa na kuunguruma vizuri, alikuja na karatasi ya kuruhusu ndege iruke, nisaini. Mafundi wote walikuwepo. Nikafungua kalamu, nikamwambia atamke kwanza kile alichokijua tangu siku ile ya Magu. Akatazama viatu vyake.

"Fundi alisema kweli," akanong'ona. "Mimi ndiye niliyekataa."

Nyumba yetu ya Pasiansi imebomolewa, pamejengwa gesti. Jiko la mama halipo, uzio tulioanikia ovaroli za baba haupo, na yule mtu aliyenuka oili tulishamzika. Hawezi kusikia mnong'ono.

Nikafunika kalamu. Nikamwambia arudie, kwa sauti.