Ndoo ya Udongo

Trela ilikuja kwangu kwa sababu ya friji. Mimi ni fundi wa mafriji, kibanda changu kipo Jang'ombe, na siku moja Mzungu mmoja aliyekuwa akifundisha watu kuzamia pwani ya mashariki aliikokota mpaka mlangoni kwangu. Ilikuwa nyumba nyeupe ya bati juu ya magurudumu mawili, ndani ina vitanda vitatu vyembamba, meza ya kukunja, na friji dogo lililokuwa halipozi. Nikamwambia arudi baada ya wiki. Hakurudi. Alinipigia simu akiwa kwao, akasema kazi yake huku imekwisha na trela niichukue mimi. Friji lenyewe nilikuwa sijaligusa.

Mbwa hakuwataja. Walikuwa wawili, jike mweupe na dume wa rangi ya kahawia, na walikuwa wamejilaza chini ya trela tangu siku ilipofika. Niliwafukuza kwa fagio, kwa maji, na kwa maneno yasiyomfaa mtu wa umri wangu. Waliondoka mpaka kwenye kona ya uchochoro, wakaningoja nichoke, wakarudi. Majirani walinitazama kwa jicho la pembeni, na sikuwalaumu. Mtaa wetu umebanana, na mate ya mbwa kwetu si jambo dogo. Sikuwapa majina. Ukimpa mbwa jina umeshakiri kuwa ni wako, na mimi nilikuwa bado nakataa.

Mke wangu alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Wanangu wapo Maskati na Dar, wananipigia simu kila Jumapili na kuniuliza kama nimekula. Nilikuwa mpweke, nalisema waziwazi, kwa sababu wakati ule sikulisema kwa mtu. Nikiulizwa habari nilijibu nzuri, na mtu akizidi kuuliza nilimkatiza. Hasira zangu ziko karibu, marehemu alizoea kusema ziko mfukoni pamoja na funguo.

Wazo la kuitumia trela lilikuwa la mwenzangu mmoja wa tangu skuli, mpishi wa meli aliyestaafu, mtu wa maneno mengi na tumbo lililomtangulia. Alisema trela imeumbwa kutembea, ikikaa itaota kutu kama mimi. Tukamchukua na mwenzetu wa tatu, ustadhi wa madrasa anayekaa Mkunazini, kimya kama mlango wa msikiti baada ya sala. Ijumaa tukishasali, nikaifunga trela kwenye pikapu yangu, tukaelekea Jambiani, ambako mjomba wake ustadhi alimwachia kipande cha ardhi ya mawe karibu na ufukwe. Mbwa walirukia nyuma ya pikapu bila ya kualikwa.

Njiani askari alitusimamisha, akaizunguka trela mara mbili, akataka kujua kama ile ni gari au nyumba.

"Ni nyumba ya mke wa pili, afande," mpishi alimjibu. "Mke mwenyewe bado tunamtafuta."

Askari alicheka, akatuachia. Tangu siku hiyo, kwa miaka mitatu, hatukukosa kutoka walau mara mbili kwa mwezi.

Suala la mbwa alilimaliza ustadhi. Nilidhani atawakataa, naye akasema mbwa wa kulinda ameruhusiwa, mradi tujue mipaka. Mipaka yake ilikuwa hii: mbwa walale chini ya trela, wasiingie ndani, na wakigusa kitu kwa mate au kwa mwili ulioroa, kitu kile kitaoshwa mara saba, mara moja kwa udongo. Na kwa kuwa pale Jambiani ni mawe na mchanga mtupu, alichukua ndoo ndogo, akaijaza udongo safi wa shamba, akaitundika kwenye mkono wa trela. Ndoo ile ilisafiri nasi kila safari. Mpishi aliiita bima.

Tulikuwa hatufanyi lolote la maana. Mpishi alipika, na kwa mikono iliyozoea kulisha mabaharia arubaini, wali wake ulitushinda siku zote na mbwa wakapata haki yao kwenye kifuu cha nazi. Maji yakipwa, kina mama wa mwani walipita na kamba zao, wakatutania kuwa sisi ni wazee tuliofukuzwa na wake zetu. Mbwa mweupe aliwafuata mpaka kwenye vigingi vyao, akatembea baina ya mistari ya mwani bila ya kuikanyaga. Maji ya tangi tuliyaweka kwa chai na kupikia, kwa hiyo alfajiri tuliteremka baharini kutia udhu. Ustadhi ndiye aliyekuwa akiamka wa kwanza. Mimi nilizoea kusikia hatua zake zikishuka, na za mbwa zikimtangulia.

Mpishi alituacha kwanza. Binti yake alimchukua Tanga, magoti yalikuwa yameshamshinda. Tukabaki wawili, na ukimya wa ustadhi ambao zamani ulikuwa wa kupumzikia sasa ulianza kunipa kazi. Alikuwa amebadilika. Alimimina chai nje ya kikombe, akacheka peke yake. Alinipa simu yake nimsomee ujumbe, akasema miwani ameisahau, na safari iliyofuata akaisahau tena. Mimi niliona mtu aliyechoka na safari zetu, anayekuja kwa kunionea haya. Nikaanza kumjibu kwa mkato kabla hajanijibu yeye hivyo.

Safari yetu ya mwisho ilikuwa ya kuvunja jungu, siku chache kabla ya Ramadhani, wakati ufukwe mzima umejaa watu wa mjini waliokuja kula mchana kwa mara ya mwisho. Alfajiri ile niliamka nikakuta mlango wa trela uko wazi, na mbwa mweupe, ameroa chapachapa, amelala juu ya mswala wa ustadhi. Mwenyewe alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, mikono magotini, kama aliyekuwa akingoja kitu.

Nilipiga kelele. Nilimtoa mbwa kwa teke, Mungu anisamehe, nikauliza nani kaacha mlango wazi, na mle ndani tulikuwa wawili tu. Ustadhi alichukua mswala, akapapasa mpaka akaipata ndoo, akauosha mara saba, akihesabu kwa sauti ya chini. Halafu akautanua mbele yangu.

"Hebu nitazamie," akasema. "Udongo umetoka?"

Ulikuwa umetakata. Mtu yeyote angeona kuwa umetakata. Nikadhani ananisimanga, ananilazimisha niikague kazi ambayo mbwa wangu ndiye aliyesababisha.

"Kwani huna macho?" nikamwambia.

Ni maneno ambayo tunaambiana kila siku, sokoni, njiani, mtu akikukanyaga. Nilipoyasema nilishayasahau. Yeye aliukunja mswala ukiwa bado majimaji, akauweka ndani ya mfuko, na njia nzima ya kurudi mjini tulizungumza habari za bei ya tende.

Ramadhani ikapita, Iddi ikapita, hakuja. Nilipopiga simu alipokea mwanawe, akasema baba anakupa salamu, ana shughuli za madrasa. Mara tatu nikapewa salamu. Nikaenda Jambiani peke yangu Ijumaa moja, na kwa mazoea nikatoa vikombe vitatu, nikavitazama, nikarudisha viwili. Kina mama wa mwani waliuliza wenzangu wako wapi. Nikawaambia wanakuja nyuma. Sijui kwa nini niliwadanganya watu ambao kesho yake wataona wenyewe nikiondoka peke yangu.

Usiku na mchana nilikuwa na jawabu moja tu: ni mbwa. Mtu wa dini amechukizwa na najisi, kwa adabu zake hasemi, anakaa mbali. Wahenga wamesema kuuliza si ujinga, na mimi ningeweza kupanda ngazi za nyumba yake Mkunazini nikauliza. Sikuuliza. Nilichagua kutengeneza bila ya kuuliza ni kipi kilichoharibika, jambo ambalo kwenye friji la mtu nisingethubutu kulifanya.

Njia ya kusini kuna kijiji chenye wasasi, wanaowinda nguruwe mwitu wanaoharibu mihogo. Niliwapelekea mbwa wote wawili. Walimpapasa dume mbavu na miguu wakaridhika. Jike walisema ni laini, mbwa wa kulishwa wali, lakini watamjaribu. Nilipoondoka dume alikuwa ameshapata mfupa. Mweupe alikaa kitako mwisho wa kamba yake, hakubweka wala hakuvuta, alinitazama tu mpaka nikapinda kona. Nilijiambia mbwa hawana fikra.

Kesho yake niliiosha trela yote, sakafu, kuta, ngazi, hata magurudumu. Mara saba. Udongo wa ndoo niliutumia wote, nikaenda nikachota mwengine, nikaijaza tena. Mgongo uliniuma siku nne. Siku ya tano, baada ya Alasiri, nikavaa kanzu nzuri nikaenda Mkunazini kumwambia rafiki yangu kuwa njia iko wazi.

Nilimkuta barazani kwake juu, ameketi peke yake. Nilisimama mlangoni, na uso wake ukageukia kidogo upande usio wangu. Nilipotoa salamu ndipo akanipata, akatabasamu, akaitikia. Hata hapo sikufahamu. Nilikuwa nimejaa habari yangu. Nikamweleza kuwa mbwa nimewatoa, trela imeoshwa kisharia, Ijumaa tutoke.

Akanigeuzia sikio.

"Yule mweupe pia?"

"Wote wawili."

"Laiti ungeniuliza," akasema.

Ndipo akaniambia. Macho yake yalikuwa yakiondoka kwa mwaka wa pili, presha ya macho, na daktari alishamwambia kilichopotea hakirudi. Hakumwambia mtu ila mwanawe. Wanafunzi wake anawasahihisha kwa masikio, Qur'ani yote anayo kifuani, kwa hiyo madrasa haikujua. Lakini kule Jambiani, alfajiri, mawe yale asiyaone, angefikaje majini? Yule mweupe alikuwa akimtangulia. Katika kiza kile alikuwa akiona doa jeupe tu, analifuata, likisimama anasimama, na likifika majini anasikia maji. Hakumgusa hata siku moja, alisisitiza jambo hilo. Asubuhi ile ya mswala ni yeye aliyeuacha mlango wazi. Komeo alilitafuta asilione.

"Uliponambia sina macho," akasema, "n'lidhani ushajua. N'lidhani umeshachoka kunibeba, unantafutia njia ya kun'shusha."

"Na wewe ungenambia," nikasema.

"Ningekwambia, usingenchukua tena."

Nilitaka kukasirika, maana hiyo ndiyo dawa yangu ya kila kitu. Hasira haikuja. Nililia barazani kwa watu, mtu mzima, na mwenzangu akanigeuzia uso upande mwengine kwa heshima, ingawa hakuwa na haja.

Siku ya pili yake nilikuwa kwa wasasi kabla jua halijapanda. Dume wa kahawia alinibwekea kama mwizi, ameshapata wenziwe. Mweupe hakuwepo. Alikata kamba siku ya tatu, walisema, na mtu mmoja alimwona akiifuata barabara ya Jambiani. Nikaendesha mpaka kule. Kina mama wa mwani walimwona. Alikaa siku mbili tatu, walisema, amelala pale pale trela inaposimama, kwenye alama za magurudumu. Mama mmoja alimtupia vichwa vya samaki. Kisha asubuhi moja hawakumwona tena. Nilimtafuta wiki mbili, Paje, Bwejuu, Makunduchi. Niliita, na kwa kuwa sikumpa jina, nilikuwa nikipiga mbinja vichakani kama mwendawazimu.

Ustadhi alikubali kutoka tena. Ilinibidi nimbembeleze mwezi mzima, na nimwahidi kuwa siri ya macho itabaki yangu mimi na mwanawe. Tukaenda wawili, na chini ya trela hapana kitu. Ndoo ya udongo ipo mahali pake. Tumeiacha, hakuna anayesema kwa nini.

Alfajiri ya kwanza niliamka kabla yake. Nikavaa kanzu nyeupe, nikafungua mlango, nikamwambia anifuate, mimi nitatangulia. Nikashuka kwenye mawe, naiona njia vizuri, maji yako mbali kidogo, na nyuma yangu nasikia ndara zake. Mara zikanyamaza. Nikageuka. Alikuwa amesimama hatua kumi nyuma, mkono mmoja mbele, uso ameuinua.

"Unakwenda mbio," akasema. "Yule alikuwa akin'goja."

Nikarudi hatua kumi zile. Nikasimama mbele yake, karibu, nikangoja.